Kila Kanuni Ina Swali Lake

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa michezo ya mezani



Nimeombwa nieleze namna mtu anavyojifunza mchezo mgumu wa vita wa mezani, kanuni zake kwanza, mbinu zake baadaye. Ndivyo barua ya mwaliko ilivyosema, na kwa heshima zote naomba nianze kwa kuupinga mpangilio huo. Nimefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka 30, na michezo ya aina hii nimeicheza karibu muda uleule. Sijaona mwanafunzi aliyemaliza kanuni kwanza, kisha akahamia kwenye mbinu, akafika mbali. Kila kanuni ni jibu. Asiyejua swali lililoizaa haikumbuki, na hata akiikumbuka hajui wapi pa kuitumia. Mbinu ndiyo swali lenyewe, likiulizwa na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza akitaka kukushinda. Hilo ndilo ninalotaka tulipime pamoja jioni hii.

Mchezo wenyewe

Nitatumia mfano wa mchezo mmoja ili tusizungumze hewani. Unaitwa Squad Leader, yaani kiongozi wa seksheni. Ulibuniwa na Mmarekani John Hill, ukatolewa mwaka 1977 na kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore. Unahusu mapigano ya Vita Kuu ya Pili, si kwa macho ya jenerali anayesogeza majeshi juu ya ramani ya nchi nzima, bali kwa macho ya watu kumi waliojibanza nyuma ya ukuta. Mwaka 1985 ulitoka upya kwa jina la Advanced Squad Leader, kazi iliyosimamiwa na Don Greenwood, na kanuni zake zikawa jalada nene la kurasa za kuongeza na kubadilisha.

Ndani ya sanduku mna mbao za ramani: vijiji, mashamba, misitu, mitaa ya mji. Ramani yote imegawanywa kwa pembesita, kama sega la nyuki. Walimu wa hisabati wataona sababu mara moja. Ukigawa ardhi kwa miraba, jirani aliye upande wako yuko mbali kipimo kimoja, lakini jirani wa kwenye pembe yuko mbali zaidi, kama mara 1.4. Katika pembesita majirani wote sita wako umbali ulio sawa. Kila pembesita ni mita 40 za ardhi. Kila zamu ni dakika 2 za mapigano. Kete ni vipande vya kadibodi: hii ni seksheni, hii ni kiongozi, hii ni bunduki ya rashasha, hii ni kifaru. Matokeo huamuliwa kwa dadu mbili.

Zamu ya mchezaji ina hatua 8. Waliovunjika moyo hujaribu kurudisha ari. Anayetaka kupiga bila kusogea hupiga. Kisha watu husogea. Mpinzani hujibu mapigo. Waliosogea hupiga nao, kwa nguvu pungufu. Waliovunjika hukimbilia penye kinga. Wazima husonga hatua moja ya mwisho. Waliojikuta ndani ya pembesita moja na adui hupambana ana kwa ana. Hatua nane, na kila moja ina kurasa zake, na kila ukurasa una vighairi vyake. Nawaelewa vijana wanaofungua sanduku kama hilo, wakasoma kurasa kumi, wakalifunga.

Vuka

Mchezo huu niliukuta nikiwa mwanafunzi Uingereza. Nilinunua sanduku lililokwisha tumika, nikasoma kitabu cha kanuni usiku nne mfululizo, nikaandika muhtasari kama nilivyozoea kujiandaa kwa mitihani. Usiku wa tano nilikwenda kwa mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa akiucheza tangu ulipotoka. Aliniuliza maswali machache ya kanuni, nikayajibu yote sawasawa. Kisha akalichukua daftari langu, akaliweka juu ya kabati.

Akapanga kete nne tu. Seksheni mbili zangu ndani ya nyumba ya mawe, na mbili zake katika nyumba ya ng'ambo. Kati yetu barabara.

"Vuka," akasema.

Nikaichukua seksheni ya kwanza, nikaiingiza barabarani kwa mwendo wa kawaida, maana daftari lilisema ina uwezo wa hatua nne na barabara inakula moja. Akarusha dadu. Seksheni ikavunjika. Nikaingiza ya pili. Nayo ikavunjika. Mzee hakueleza chochote. Alizirudisha kete mahali pake, akasema tena, "Vuka."

Mara ya tatu, kabla sijagusa kete, niliuliza, "Hawa watu hawana moshi wa kujificha?"

"Sasa umefika kwenye kanuni ya moshi," akasema, akanionyesha.

Mara ya nne niliuliza kama seksheni moja inaweza kubaki dirishani ikiwapiga wale wa ng'ambo, wainamishe vichwa, huku nyingine ikivuka. "Umefika kwenye kanuni ya kupiga kabla ya kusogea." Mara ya tano niliuliza kama watu wangu wanaweza kwenda polepole, wameinama, wakitazama pande zote. Mara ya sita niliuliza kama ni lazima kuvuka pale, au naweza kuzunguka mahali ambapo hawatuoni. Usiku ule niliuliza maswali saba, na kila swali lilikuwa na kanuni iliyokuwa ikilisubiri. Zote zilikuwa daftarini mwangu. Nilikuwa nimetembea na majibu saba kwa siku nne, bila swali hata moja.

Bao la kujifunza

Nikirudi chumbani usiku ule nilimkumbuka babu yangu barazani, kwa sababu alikuwa amenifanyia jambo lilelile nikiwa na miaka saba.

Babu hakuniwekea bao la kiswahili siku ya kwanza. Wazee mliopo hapa mnajua kwa nini. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Kuna namua, halafu mtaji. Kuna kula na kuna kutakata. Kuna kichwa na kimbi. Kuna uamuzi wa nyumba, uilinde au uivunje. Mtoto akimwagiwa yote hayo siku moja, atacheza akiogopa kukosea, na anayeogopa kukosea hatazami ubao, hutazama uso wa mwalimu.

Ndiyo maana tuna bao la kujifunza. Kete mbili katika kila shimo, hakuna akiba mkononi, hakuna nyumba, mchezo unaanza na mtaji moja kwa moja. Mtoto anajifunza kuufuata mkono wake unavyozunguka. Anajifunza kula. Anajifunza kwa uchungu kwamba mstari wa mbele ukikauka, mchezo umekwisha. Baadaye, siku anapoona utajiri wake wote ukiliwa kwa mkono mmoja, anauliza mwenyewe, "Babu, hakuna mahali pa kuuweka?" Siku hiyo ndiyo siku ya kumfundisha nyumba. Ukimfundisha kabla ya hapo, nyumba kwake ni shimo lenye umbo la peke yake na masharti ya kukariri.

Nataka tuione thamani ya hekima hii, maana hata waliobuni mchezo ninaousema waliifikia kwa njia yao. Kitabu cha Squad Leader cha 1977 kiliandikwa kwa ngazi. Ndani ya sanduku mlikuwa na visa 12. Unasoma sehemu ya kwanza ya kanuni, unacheza kisa cha kwanza, cha Stalingrad mwezi Oktoba 1942, watu wa miguu peke yao. Ukishakicheza, unarudi kitabuni kusoma sehemu inayofuata. Mizinga na vifaru vinangoja mpaka miguu yako imezoea ardhi. Toleo la 1985 lilipanga kanuni kwa herufi na namba, kama kitabu cha sheria. Kwa aliyekwisha jua, kutafuta kitu ni rahisi sana. Mgeni alibaki mlangoni. Mwaka 2004 kampuni ya Multi-Man Publishing, iliyokuwa imeupokea mchezo huo, ilitoa sanduku dogo la wanaoanza, lenye watu wa miguu tu na kurasa chache za kanuni. Lilikuwa bao la kujifunza. Wazee wetu walikuwa nalo barazani siku zote.

Tarakimu tatu

Sasa nionyeshe jinsi swali linavyozaa mbinu. Nitachukua kete mbili.

Ya kwanza ni seksheni ya Kijerumani. Imeandikwa 4-6-7. Ya pili ni seksheni ya Kisovieti yenye bunduki fupi za rashasha. Imeandikwa 6-2-8. Tarakimu ya kwanza ni nguvu ya risasi, ya pili ni masafa kwa pembesita, ya tatu ni ari.

Mwanafunzi wa kukariri ataziweka kichwani kama namba za simu. Mimi humuuliza swali moja tu: kila mmoja wa hawa angependa kusimama wapi?

Tuhesabu. Mjerumani anapiga kwa nguvu yake yote mpaka pembesita 6, yaani mita 240. Msovieti ana nguvu zaidi, lakini kwa pembesita 2 tu, mita 80. Kupita masafa hayo nguvu hupungua nusu, mpaka mara mbili ya umbali, na baada ya hapo risasi haifiki. Kwa hiyo wakitazamana kwa mita 200, Mjerumani ana 4 na Msovieti hana kitu. Wakiwa katika pembesita zinazogusana, nguvu ya kila mmoja huzidishwa mara mbili: Mjerumani 8, Msovieti 12.

Tazameni kilichotokea. Hakuna aliyefundisha mbinu hapa, na mbinu mbili zimekwisha zaliwa. Mjerumani anataka uwanja ulio wazi mbele yake, na muda. Msovieti anataka kona, kuta, magofu, moshi, chochote kitakachomfikisha karibu kabla hajaonekana. Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Vasily Chuikov, aliyeliongoza Jeshi la 62 ndani ya Stalingrad, aliwataka watu wake wawagande Wajerumani karibu kabisa, ili ndege na mizinga ya Wajerumani ishindwe kupiga bila kuwaua watu wao wenyewe. Mwanafunzi aliyelipata jambo hilo kutokana na tarakimu tatu hatalisahau, kwa sababu hakuambiwa. Amelitoa mwenyewe.

Hesabu ya barabara

Turudi kwenye barabara ya yule mzee, tuone kilichozivunja seksheni zangu.

Katika mchezo huu anayepiga anataka jumla ndogo ya dadu. Kinga ya anayepigwa huongeza jumla hiyo: nyumba ya mawe inaongeza 3, nyumba ya mbao 2, msitu 1. Anayetembea uwanja wazi huipunguza kwa 1, na kama hakwenda kwa tahadhari, kwa 1 nyingine. Tuseme mpigaji anahitaji jumla ya mwisho isiyozidi 7 ili adhuru.

Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Nikiwa ndani ya nyumba ya mawe, mpigaji lazima apate 4 au chini ya hapo kwa dadu zenyewe. Njia hizo ni 6 kati ya 36. Nikiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida, inamtosha 9 au chini ya hapo. Njia hizo ni 30 kati ya 36. Watu ni walewale, bunduki ni zilezile, umbali ni hatua moja kutoka mlangoni, na hatari imeongezeka mara tano. Nikienda kwa tahadhari, njia zake zinapungua hadi 26. Kuinama kunasaidia, lakini hakugeuzi barabara kuwa ukuta.

Ndiyo sababu fundi wa mchezo huu hautazami ubao kama ramani ya njia. Anautazama kama ramani ya macho. Kwake kila pembesita ina jibu la swali, "Nani ananiona hapa?" Mwanafunzi anayeanza huuliza, "Naweza kufika wapi?" Siku anapoacha swali la pili na kushika la kwanza, mtajua amevuka.

Bado kuna upande wa mlinzi. Seksheni iliyokwisha piga imetumia nafasi yake, na kupiga tena katika zamu hiyohiyo kuna masharti na hasara. Kwa hiyo mshambuliaji mwenye ujuzi hutanguliza kikundi kidogo, nusu ya seksheni, ili kivute risasi, kisha wengi wapite. Na mlinzi mwenye ujuzi hujizuia. Anakiacha kikundi kidogo kipite, ananyamaza na bunduki yake imejaa, akisubiri wengi. Subira ndiyo mbinu ngumu kuliko zote kumfundisha kijana, na mchezo huu humfundisha bila maneno, kwa sababu kila mara anapopiga haraka anaona kilichopita nyuma ya haraka yake.

Kuvunjika na kurudi

Naomba tukae kidogo zaidi kwenye tarakimu ya tatu, ari, kwa sababu hapo ndipo ninapoona moyo wa mchezo.

Katika mchezo huu seksheni nyingi huvunjika kabla ya kufa. Risasi zikipita karibu, mchezaji hurusha dadu mbili. Jumla isiyozidi ari ya seksheni, wamesimama imara. Ikizidi, wamevunjika: hawapigi, hawashambulii, wanatafuta pa kujificha. Seksheni yenye ari 7 ina njia 21 kati ya 36 za kusimama imara. Kiongozi mzuri akiwa kati yao, akapunguza 1 katika jumla yao, njia zinakuwa 26. Mtu mmoja, bila kufyatua risasi, amewaongezea wenzake nafasi 5 kati ya 36 kwa kuwa nao tu.

Waliovunjika wanaweza kurudi. Lakini wanapokuwa katika hofu mpya, jumla ya dadu zao za kurudisha ari huongezwa 4. Seksheni yenye ari 7 sasa inahitaji 3 au chini ya hapo: njia 3 tu kati ya 36, kabla ya kuhesabu msaada wa kinga na wa kiongozi. Wakiachwa wapumue mahali pasipo na risasi mpaka hofu ile iondoke, njia zao zinarudi kuwa 21.

Wapeni wanafunzi kanuni hiyo bila swali, wataikariri kama mzigo. Waulizeni, "Mtu aliyetoka kuponea chupuchupu anahitaji nini ili arudi kuwa mtu?" Watawajibu wenyewe: anahitaji kuondoka hapo, anahitaji muda, anahitaji mtu anayemwamini. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kitabuni kwa namba. Na kutoka hapo mbinu zinafuata pande zote mbili. Mwenye watu waliovunjika huwapeleka nyuma mapema, na humweka kiongozi pale watakapokimbilia, si pale alipodhani watashinda. Mshambuliaji naye huendelea kuwasogelea waliovunjika, wasipate kupumua. Nimewaona vijana wa miaka kumi na sita wakilielewa jambo hilo mezani, kisha wakaenda kumtazama kwa macho mengine mwenzao aliyefeli mtihani.

Ubishi wa zamani

Wako watakaosema: kama maswali ndiyo muhimu, kanuni nyingi za nini? Ubishi huo una umri wa karne na zaidi.

Mwaka 1812 baron mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza kubwa yenye vipande vya ardhi vinavyopangwa upya, mchezo wa kufundishia vita. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliuboresha, akatoa kanuni zake mwaka 1824. Walichezea ramani halisi za kipimo cha 1:8000, wakatumia dadu kwa sababu vitani bahati ipo, na mwamuzi alisimama kati ya pande mbili akiwaonyesha wachezaji yale tu ambayo macho yao yangeweza kuyaona. Kila zamu ilikuwa dakika 2. Zamu ya John Hill, miaka 153 baadaye, ni dakika 2 zilezile.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda kanuni za Waprussia zilizidi kuwa nzito, na maofisa wakachoka. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kanuni nyingi na dadu ziachwe, na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa busara yake. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Bila kanuni, mwanafunzi hana cha kupingana nacho. Anashinda au anashindwa kwa neno la mkubwa. Kwa kanuni peke yake, anajua kusogeza kete na hajui kwa nini. Mwalimu mzuri, kwa maoni yangu, ni yule anayeziheshimu kanuni zote kisha anakaa karibu kuuliza, kama yule mzee wa reli na barabara yake.

Na asiwepo wa kuniambia kwamba mambo haya ni ya kupitisha wakati tu. Mwaka 1942, nyambizi za Kijerumani zikizizamisha meli za shehena katika Atlantiki, jeshi la maji la Uingereza lilifungua kitengo cha mafunzo mjini Liverpool chini ya Kapteni Gilbert Roberts. Sakafu ya chumba ilichorwa kama bahari. Maofisa wa meli walisimama nyuma ya mapazia ya turubai wakichungulia kupitia tundu dogo, waone kiasi kile tu ambacho wangekiona wakiwa melini. Wasichana wa jeshi la maji waliusogeza mchezo, na baadhi yao, ambao hawakuwahi kupigana baharini, walizielewa mbinu za nyambizi hata wakawashinda manahodha wazoefu mezani. Maofisa wapatao 5,000 walipita katika chumba kile, wakaondoka na mbinu zilizobuniwa palepale sakafuni. Mbinu hizo zilizaliwa na swali. Roberts hakuridhika na maelezo kwamba nyambizi hupiga kutoka nje ya msafara, akauliza: kama meli ya katikati ndiyo iliyopigwa, nyambizi ilikuwa wapi? Walipoupanga mchezo sakafuni, jibu likawa kwamba nyambizi ilikuwa ndani ya msafara wenyewe.

Namna ya kuanza

Vijana wataniuliza: tufanyeje kesho? Nitasema yale ninayoyafanya na wanafunzi wangu.

Usianze na kisa kizima. Anza na kete nne na barabara moja, na uichezee barabara hiyo mpaka uichoke. Kisha ongeza kiongozi, acha uone kinachobadilika. Kisha bunduki ya rashasha. Kitu kipya kimoja kwa siku moja, kwa sababu ukiongeza viwili hutajua ni kipi kilichokushinda.

Cheza na aliyekuzidi, na mkubaliane kwamba ataruhusu urudishe kete. Kila unapopoteza seksheni, simamisha mchezo, sema kwa sauti swali ambalo ulipaswa kuliuliza kabla ya kuisogeza. Liandike. Daftari langu la leo halina kanuni hata moja. Lina maswali, na pembeni ya kila swali kuna namba ya ukurasa.

Na ukishindwa, usilaumu dadu kabla hujahesabu. Ukiingia barabarani kwa njia 30 kati ya 36 dhidi yako, dadu hazikukuonea. Ukikaa ndani ya mawe kwa njia 6 tu dhidi yako, ukapigwa, hapo ni bahati, na kesho fanya vilevile tena. Anayejua tofauti ya mambo hayo mawili amejifunza zaidi ya mchezo.

Hapa Tanga

Nimalizie nyumbani. Tumekaa katika mji ambao barabara hii ya kuvuka ilikuwa ya kweli.

Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta hapa kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Aitken, wakashukia Ras Kasone. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Kila mtoto wa Tanga ameisikia habari ya nyuki, na nyuki walikuwepo kweli, wakauma pande zote mbili. Lakini watazameni makamanda kwa macho ya meza. Usiku wa kabla ya pigano kubwa, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipanda baiskeli akaingia mjini kuiona ardhi mwenyewe. Aitken aliwasogeza watu wake porini na mashambani bila upelelezi wa maana. Mmoja aliuliza, "Nani anaona wapi?" Mwingine aliuliza, "Naweza kufika wapi?" Na tarehe 4 ubavu wa kushoto wa Waingereza ulipobaki wazi, Lettow-Vorbeck alikuwa bado na akiba ya kuupiga. Waingereza walipata hasara ya zaidi ya watu 800, wakarudi melini.

Makaburi ya vita vile yapo hapa mjini, na mimi hupita karibu nayo kila ninapopeleka wanafunzi kutembea. Huwaambia hivi. Mezani tunatanguliza nusu ya seksheni ivute risasi, na ni mbinu sahihi. Hapa chini ya udongo wamelala watoto wa watu waliotangulizwa. Katika michezo yote niliyocheza sijawahi kukuta kete ya mpagazi, na vita vile vilibebwa na vichwa vya wapagazi, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi bila bunduki mkononi. Mchezo unaotufundisha kuuliza maswali lazima utufikishe kwenye swali hilo pia: nani hakuwekwa ubaoni? Mwanafunzi anayecheza vita bila kulifikia hajamaliza somo, hata akishinda kila siku.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema ya kutosha, na ninachokihubiri hakifundishwi kwa hotuba. Nyuma ya ukumbi nimepanga meza sita. Kila meza ina nyumba mbili, kete nne, dadu mbili na barabara moja katikati. Kitabu cha kanuni nimekiacha nyumbani. Karibuni mvuke.